Kibirizi: Wavuvi Wanapopumzika

Mwezi huu tunawapeleka Kibirizi, mwalo wa wavuvi kaskazini kidogo ya mji wa Kigoma.

Pale kazi ni dagaa. Usiku wa giza, mitumbwi inaingia Ziwa Tanganyika na taa. Dagaa wanafuata mwanga, nyavu zinawapokea. Lakini mbalamwezi ikiwaka, taa haziwavuti sana. Basi wavuvi wanabaki nchi kavu siku kadhaa. Wanashona nyavu, wanaziba mitumbwi, wanapiga hesabu. Hakuna anayewaita wavivu.

Sisi tulipita hapo mwaka 2007, tukiwa na kibali cha kumsindikiza mgonjwa wetu hospitali. Kambini, huku Nyarugusu, tuliacha ugomvi. Tangu Oktoba 2005 meli zilikuwa zikipeleka wenzetu Baraka, ng'ambo ya ziwa. Kijana wetu alitaka tujiandikishe wiki ileile. Mama yake hakutaka hata kusikia. Na kila aliyepita mlangoni alikuwa na lake: huyu anasema Fizi ni shwari, yule anasema kunawaka moto.

Kibirizi hakuna aliyetuuliza kitu. Tulikaa kando ya mtumbwi uliopinduliwa, tukatazama milima ya Kongo. Tukaanza kuongea polepole. Mama akasema haogopi Kongo. Anaona uchungu kuacha kaburi la bibi, na watoto kukatishwa shule katikati ya mwaka. Kijana akasema amechoka kungoja mgao, anataka kushika jembe lake mwenyewe. Kumbe siku zote hizo hawakuwa wanabishania kitu kimoja!

Tukakubaliana: tusijiandikishe kwanza, wala tusikatae. Tumuulize mjomba nani analima shamba letu. Watoto wamalize mitihani. Halafu tukae tena.

Jibu la mjomba lilikuja baada ya miezi miwili: nusu ya shamba ilikuwa wazi. Kijana akatangulia kwa meli, na mama mwenyewe alimfungia mzigo. Sisi wengine tulibaki. Hakuna aliyeondoka na kinyongo.

Jamani, si kila familia itapata kibali cha Kigoma. Lakini hata chini ya mwembe watu wanaweza kukaa, redio imezimwa, majirani wameagwa, kila mmoja akasema linalomuuma. Kurudi au kubaki ni jambo la hiari. Jirani asikusukume, wala asikuzuie. Shoneni nyavu kwanza. Usiku wa kuvua utafika.