Mpira Hupigwa Ulipolala

Wako watu wasemao kuwa gofu ni mchezo wa matajiri, nami siwakatalii. Fimbo zake ni ghali, kiwanja chake humeza eka nyingi za ardhi, na mtu mwenye shamba la kupalilia hana saa nne za kufuata mpira mdogo majanini. Hapa Ruhuwiko, katika manispaa ya Songea, tuna uwanja wa ndege, tuna shule ya sekondari ya Jeshi, na kila msimu wa mavuno tuna malori ya mahindi. Kiwanja cha gofu hatuna. Huenda msomaji akauliza kwa nini basi mtu wa Ruhuwiko apoteze wino kwa mchezo huo. Jibu langu ni kwamba mchezo wa watu wachache huweza kuwa na sheria iwafaayo watu wengi, na katika sheria za gofu zimo mbili tatu ambazo wafanyabiashara wa mtaani kwangu wanazihitaji kuliko mikopo.

Mchezo wenyewe niliujulia Dar es Salaam, katika kiwanja cha Lugalo, ambacho ni mali ya Jeshi la Wananchi. Ndugu yangu mmoja alikuwa akicheza pale, nami nilimfuata mara kadhaa nikimbebea fimbo zake. Nilitazamia kuona mabavu. Nilichokiona ni hesabu. Mashimo ni 18, fimbo hazizidi 14, na hapana mwamuzi akimbiaye nyuma ya mchezaji na filimbi. Mchezaji huhesabu mikwaju yake mwenyewe, hata ule aliouharibu nyuma ya mti mahali ambapo hapana jicho lililomwona. Mpira ukilala katika nyasi nzuri, heri. Ukilala katika shimo la mchanga, hupigwa kutoka katika mchanga. Haisaidii kitu kusema kwamba upepo uligeuka. Upepo haumo katika kadi ya hesabu; mkwaju umo.

Kazi yangu mimi ni kutunza vitabu vya hesabu vya wafanyabiashara wachache wa nafaka, na sheria hiyo ya mpira kupigwa ulipolala ndiyo niliyoiona ikivunjwa mara nyingi kuliko nyingine yoyote. Mtu alinunua gunia kwa bei fulani. Bei ya soko imeanguka. Lakini yeye katika moyo wake bado anauza kwa bei ya jana. Hupanga safari, hukopa, huahidi karo, yote juu ya bei ambayo haipo tena. Mpira wake umelala kichakani, naye apiga kana kwamba uko majanini.

Mwaka 2017 ulitufundisha jambo hili kwa fimbo nene. Katikati ya mwaka huo serikali ilizuia mahindi yasiuzwe nje ya nchi, ikataka usagwe unga, na unga ndio uvuke mpaka. Mavuno ya nyanda zetu za kusini yalikuwa mengi, na bei ikaporomoka. Mwaka huohuo India iliweka mpaka juu ya mbaazi ziingiazo nchini mwake, na mkulima wa mbaazi naye akabaki ameshika gunia bila mnunuzi. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula hununua mahindi Songea, lakini hapana ghala duniani liwezalo kununua kila gunia la kila mtu.

Nilikuwa na watu wawili ambao vitabu vyao viko mbele yangu hata sasa. Mmoja ni jirani, mtu mwema na mchapakazi, aliyekataa kuuza. Alisema subira huvuta heri. Akasubiri mpaka mvua za mwisho wa mwaka, na kilichovutwa na subira yake kilikuwa dumuzi, yule mdudu ambaye wakulima wengine humwita skania, ambaye hula punje mpaka gunia likabaki vumbi. Wa pili ni shangazi yangu. Alikuwa na magunia 200 katika chumba cha nyuma. Nilimwendea na kitabu, nikamwonyesha hasara itakayopatikana akiuza siku ile. Alikitazama kwa muda, kisha akasema, “Mwanangu, hasara hii imekwisha kunipata. Unaniuliza kama niikubali, au kama niiongeze?” Akauza magunia 120 kwa bei aliyoikuta. Fedha hizo akatia sehemu katika mashine ya kukoboa na kusaga ya mama mmoja wa kanisani kwake, na magunia 80 yaliyosalia wakayasaga sembe.

Shangazi hajapata kuona kiwanja cha gofu, lakini alilolitenda limo katika sheria za gofu kwa maneno dhahiri. Mpira ukiwa mahali pasipopigika, mchezaji ana ruhusa kuuokota na kuuweka mahali pafaapo palipo karibu, pasipokaribia shimo zaidi, kwa kujiongezea mkwaju mmoja. Hiyo ni bei ya kutoka kichakani, nayo inajulikana kabla. Asiyetaka kuilipa yuko huru kupiga kichaka, mikwaju mitatu, minne, mpaka mikono itoke damu.

Iko sheria nyingine niipendayo zaidi. Mpira ukipotea, mchezaji alikuwa na dakika 5 za kuutafuta; tangu mwaka 2019 amepewa dakika 3 tu. Zikiisha, mpira huo umepotea hata kama anahisi uko karibu na kiatu chake, naye hana budi kurudi alikopigia na kuongeza mkwaju. Sisi husifu uvumilivu bila kuuwekea saa. Tumesahau kwamba ukaidi nao huvaa kanzu ya uvumilivu, na katika giza la hasara mtu huwasalimu wote wawili kwa jina moja.

Mfano wake ni Mfaransa Jean Van de Velde. Mwaka 1999, katika mashindano ya Open kule Carnoustie, Scotland, alilifikia shimo la mwisho akiwa mbele kwa mikwaju mitatu. Mikwaju sita katika shimo hilo ingemtosha kuwa bingwa. Alichagua njia ya ushujaa kila mara palipokuwa na njia ya usalama. Mpira ukaangukia kijito, naye akavua viatu akaingia majini kuutazama kama unapigika. Alimaliza kwa mikwaju saba, na katika michezo ya kuamua mshindi akashindwa na Paul Lawrie. Mimi naona hakukosa ustadi wala moyo. Alikosa kukumbuka kwamba alikuwa tayari ameshinda. Wa upande wa pili ni Rory McIlroy, kijana wa miaka 21, ambaye Aprili 2011 kule Augusta aliianza siku ya mwisho akiongoza kwa mikwaju minne akaimaliza kwa mikwaju 80 na kuachwa nyuma sana. Siku ileile alisimama mbele ya waandishi akajibu maswali yao. Miezi miwili baadaye alishinda mashindano ya wazi ya Marekani kwa tofauti ya mikwaju minane.

Nilimsimulia shangazi habari hizi jioni moja tukichambua maharage. Alicheka sana kwa yule aliyevua viatu, lakini kwa huyu wa pili hakucheka. “Huyo kijana,” alisema, “aliposhindwa alikwenda kula chakula cha jioni. Mimi nikishindwa hivyo, watoto wanarudishwa nyumbani kutoka shule. Nani atanipa mashindano mengine baada ya miezi miwili?”

Sikuwa na jibu, na sidhani kama gofu ina jibu. Mchezaji hupoteza mikwaju, na kesho kadi yake ni tupu na safi. Mfanyabiashara hupoteza mtaji, na kesho huamka na deni lilelile. Wale wenye kuhubiri ujasiri kwa watu wenye magunia 200 yafaa kwanza watazame nini kiko nyuma ya magunia hayo. Ndiyo maana kabla ya msimu shangazi huweka kando karo ya mwaka mzima na chakula cha nyumba, wala fedha hiyo haimo katika kitabu cha biashara ninachokitunza.

Aliniuliza tena zile dakika ni ngapi. Nikamwambia ni tatu. Akafikiri, akatikisa ungo, akaniagiza niongeze safu katika kitabu chake. Sasa kila mzigo unapoingia chumba cha nyuma naandika idadi, bei ya kununulia, na mwisho wa mstari, kwa wino mwekundu, tarehe ambayo mzigo huo utatoka kwa bei yoyote itakayokuwapo sokoni. Mwezi Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya kwetu na ya Uganda kwa ajili ya sumukuvu, kisha ikayaruhusu kwa masharti baada ya siku chache, mzigo mmoja ulikuwa umebakiwa na siku nne. Wanawe walimwomba asogeze tarehe. Alikifunga kitabu akanirudishia.