Baridi Yetu ni ya Maji: Usivae Kizito, Vaa Kinachokauka

Kila nikiweka video ya mbio za asubuhi, swali la kwanza huwa si kilomita ngapi wala viatu gani. Ni hili: “Kwani wewe miguu haikuumi na hiyo baridi? Unavaa nini?” Nimelijibu vipande vipande mpaka nimechoka, kwa hivyo leo nalijibu mara moja, tena kwa msimamo. Watu wengi wa Kisii na Nyamira wanaoacha kukimbia wakati wa mvua hawashindwi na baridi. Wanashindwa na nguo iliyolowa.

Tuanze na hiyo baridi yenyewe, maana watu wa Kisumu wanadhani tunajifanya. Mji wa Kisii uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Ukipanda kuelekea Nyamira na vilima vya Kiabonyoru unapita mita 2,000. Kila ukipanda mita 100, joto linapungua zaidi ya nusu nyuzi, kwa hivyo anayetoka nje saa kumi na moja na nusu kule juu hayuko kwa hewa moja na yule wa mjini. Lakini hata huko juu mara nyingi tunaongea kuhusu nyuzi kumi na kitu hivi. Hiyo si baridi ya barafu. Hakuna theluji Keroka. Tulicho nacho ni ukungu, umande, manyunyu, na mvua ambayo karibu kila mwezi wa mwaka inaonekana. Baridi yetu ni ya maji.

Na maji ndiyo adui. Maji hunyonya joto kutoka kwa ngozi zaidi ya mara ishirini kuliko hewa tulivu. Ndiyo maana unaweza kusimama nje na kaptula kavu ukawa sawa tu, lakini ukivaa suruali ndefu iliyolowa unatetemeka. Unaona wamevaa vizuri, kumbe wamevaa ndoo ya maji.

Najua wazee watasema nini, kwa sababu wamenisemea barabarani. “Nyandika alikimbia bila viatu, na nyinyi watoto wa siku hizi mnalia baridi!” Ni kweli. Nyandika Maiyoro, mtu wetu, alikimbia peku London mwaka 1954 katika maili tatu, akamaliza wa tatu, na miaka miwili baadaye akawa wa saba katika mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Melbourne. Naftali Temu wa Nyamira akailetea Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki, Mexico City 1968, mita 10,000. Yobes Ondieki akawa mtu wa kwanza duniani kumaliza mita 10,000 chini ya dakika 27, Oslo, mwaka 1993: dakika 26, sekunde 58.38. Sitawahi kuwadharau hao watu.

Lakini wazee wetu, tusome kalenda pamoja. Ile mbio ya London ilikuwa Julai. Ya Oslo pia ilikuwa Julai. Ulaya, Julai ni kiangazi. Halafu mtu anayekimbia kwa kasi ya rekodi ya dunia ni jiko linalotembea. Mwili ukikimbia, karibu robo tatu ya nguvu unayotumia inageuka joto. Ondieki hakuhitaji suruali. Mimi na wewe tunaokimbia polepole tukipanda kilima gizani, tukisimama kuvuka barabara, tukitembea pale pumzi imekata, hatuna jiko la Ondieki. Ushujaa wao si sababu ya sisi kulowa.

Sasa tuje kwa nguo.

Ya kwanza kuacha nyumbani ni suruali nzito ya pamba, ile laini ya kulalia au ya kushinda nayo Jumapili. Ikiwa kavu ni tamu sana. Lakini pamba inakunywa maji na haiyaachi. Ukipita njia ya chini katikati ya majani chai, umande peke yake unatosha kuilowesha mpaka magotini kabla mvua haijaanza. Inakuwa nzito, inashuka kiunoni, unakimbia ukiwa umeishika na mkono mmoja. Kama ni ile pana huko chini, inakunywa na udongo mwekundu pia, inakupiga kwa kifundo cha mguu kila hatua.

Wanaotufunza hapa ni mama zetu wanaochuna majani chai. Umewahi kuona mama anaingia shambani alfajiri na suruali nene ya pamba, basi? Hapana. Anavaa gambuti, anajifunga nailoni kiunoni, maana anajua umande ndio utamtesa, si hewa. Hatuwezi kukimbia na nailoni, tutapikika ndani kwa jasho. Lakini akili ni hiyo hiyo: pigana na maji kwanza.

Kwa hivyo tafuta kitambaa kisichokunywa maji. Kwa lebo utaona poliesta au nailoni, na spandeksi au elastani kidogo ya kuvutika. Kama lebo imekatwa, na kwa mtumba mara nyingi imekatwa, kuna njia mbili. Kwanza ikunje kwa ngumi, uifinye, uiachilie. Pamba nyingi hubaki na mikunjo, poliesta hurudi vile ilikuwa. Pili, kama muuzaji ni mtu wenu, dondosha tone la maji. Pamba inalimeza na kuacha doa zito. Kitambaa cha michezo kinalisambaza, na ukikipunga kidogo kinaanza kukauka.

Soko letu ni Daraja Mbili, na hapo nina onyo moja. Mtumba unatoka nchi za baridi kweli kweli, kwa hivyo kwa zile rundo utapata taiti zenye manyoya ndani. Ukiingiza mkono unasikia kama blanketi la mtoto. Muuzaji atakuambia, “Kastoma, hii ni kamera, hii ndiyo ya baridi.” Hadanganyi, ni ya baridi, lakini ya mtu anayekimbia kwa theluji. Hapa kwetu itakufurahisha dakika kumi. Ukifika kilima cha pili umeshaanza kutoka jasho, hayo manyoya yanalishika, na kuanzia hapo umebeba maji yako mwenyewe. Iweke ya kulalia. Ya kukimbia chukua ile nyembamba ya ndani laini, hata kama kwa mkono inaonekana haitakusaidia.

Kanuni yangu ni hii: ukitoka nje, dakika tano za kwanza unafaa kusikia baridi kidogo. Ukitoka ukiwa umestarehe, umevaa kupita kiasi.

Kabla hujalipa, angalia vitu vinne. Cha kwanza, mpira wa kiuno. Mtumba mwingi mpira umekufa, kwa hivyo uvute mara tatu uone kama unarudi, na kama kuna kamba ya kufunga ndani, bora zaidi. Cha pili, mshono wa ndani ya paja. Pitisha kidole. Kama umeinuka kama uzi wa gunia, utakuchubua, na mchubuko ukikutana na jasho la chumvi utalia. Mafuta ya kujipaka yanasaidia, lakini mshono bapa unasaidia zaidi. Cha tatu, inua kitambaa kwa mwanga ukikivuta, kwa sababu taiti iliyochoka inaonyesha kila kitu ukiinama. Cha nne, mfuko wenye zipu wa ufunguo. Ukiupata, usiulize bei mara mbili.

Vijana, nyinyi kazi yenu ni rahisi. Ile kaptula ya boli uliyo nayo tayari ni poliesta, nyepesi, inakauka haraka. Asubuhi nyingi za hapa, ukishapata joto, hiyo inatosha kabisa. Siku ya ukungu mzito vaa taiti nyembamba chini yake, kaptula juu. Mguu wako wenyewe ukilowa unakauka wenyewe, suruali haikauki. Usione aibu kukimbia na miguu wazi kwa manyunyu.

Na zile taiti za kubana sana ambazo watu wanauziwa kwa bei ya viatu wakiambiwa zitawaongezea kasi? Vaa kama unapenda vile zinakushika. Lakini kasi utaitoa kwa vilima vya Manga, haiko kwa kitambaa.

Sasa wasichana wenzangu. Kwetu sisi hii maneno ya nguo za miguu haijawahi kuwa ya baridi peke yake. Gusii ni ngome ya Wasabato, na kuna nyumba nyingi ambapo msichana akitoka na taiti, mama anauliza kama amesahau kuvaa. Barabarani kuna watu wa bodaboda na maneno yao. Kwa hivyo wengi tunafanya nini? Tunavaa taiti, halafu skati ndefu ya pamba juu. Hiyo skati ikilowa inajifunga magotini, hatua inakuwa fupi, unachoka kabla ya wakati, halafu unasema mbio si zako. Mbio ni zako. Skati ndiyo si yako.

Ushauri wangu ni taiti ndefu na kaptula ya boli juu yake, ile pana ya kufika karibu na goti. Inafunika kile mama anataka kifunikwe, haikunywi maji, na hatua inabaki yako. Kama lazima iwe skati, basi iwe ya poliesta, ya kufika juu ya goti, na taiti chini. Mama wengi wanaikubali wakiiona. Ongea naye kwa heshima, mwonyeshe, usitoke kama mwizi.

Lakini nisieleweke vibaya. Ninasema hivi kwa sababu ya maji na hatua, si kwa sababu mtu wa barabarani ana haki ya kuamua. Novemba 2014 wanawake waliandamana Nairobi baada ya wenzao kuvuliwa nguo hadharani kwa kisingizio cha mavazi, na kabla mwaka huo kuisha sheria ikabadilishwa. Kumvua mtu nguo kwa kumdhalilisha ni kosa la kifungo kisichopungua miaka 10. Ukitaka kukimbia na taiti peke yake, kimbia. Ila nenda na mwenzako, kwa sababu sheria iko Nairobi na wewe uko gizani.

Giza pia ni jambo la miguu. Jua letu linachomoza karibu saa kumi na mbili na nusu. Kabla ya hapo, taiti nyeusi kwa ukungu mweupe kwa barabara ya lami ya Kisii kwenda Keroka ni njia ya kuwa hadithi. Probox iliyojaza abiria haiwezi kusimama ghafla kwa sababu imekuona mita tano mbele. Fundi yeyote anaweza kukushonea kipande cha reflekta, kile cha vesti za bodaboda, kuzunguka kifundo cha mguu. Mbona kifundo? Kwa sababu mguu unapanda na kushuka, na dereva akiona mng’ao unaopanda na kushuka anajua huyo ni mtu, si kibao cha barabara. Nje ya hapo, kimbia ukiangalia magari, usiyape mgongo.

La mwisho ni kile watu husahau kabisa: baridi mbaya zaidi haiko wakati unakimbia. Iko dakika kumi baada ya kusimama. Jiko limezimwa, taiti iko na jasho na manyunyu, na wewe umesimama stejini unangoja matatu ukipiga gumzo. Hapo ndipo miguu inakakamaa na kesho yake unasema Jumapili hii hutoki. Na kwa wengi wetu Jumapili ndiyo siku ya mbio ndefu, maana Jumamosi ni Sabato. Ukiipoteza Jumapili, umepoteza wiki.

Dawa ni leso. Hakuna duka la michezo limewahi kutengeneza kitu kizuri kuliko leso. Ifunge ndani ya karatasi ya plastiki, mwachie mama wa chai pale unapomalizia au uizungushe kiunoni. Ukimaliza, jifunge, vua taiti yenye maji chini yake, vaa kitu kikavu, na hakuna mtu ameona chochote. Hapo hata pamba inaruhusiwa. Pamba ni ya baada ya mbio.

Kwa hivyo kama una elfu moja na unasita kati ya trakisuti mpya inayong’aa na taiti nyembamba, kaptula ya boli, reflekta na leso, nunua hivyo vinne, na bado utabaki na pesa ya chai na mandazi. Halafu weka kengele ya saa kumi na moja. Mvua ikinyesha, toka nayo. Itakulowesha, ndiyo, lakini utakauka ukiwa njiani.