Nani Anamtuza Mpiga Rithim?

Leo tuzungumze habari za jukwaani. Kila nikipita kijiweni swali ni lile lile: "Oya, wewe bado uko na bendi ya dansi tu? Hiyo si miziki ya wazee?" Basi kwa kuwa mmeuliza, vuteni viti.

Mimi napiga gitaa la rithim. Kwa wasiojua, bendi ya dansi haina gitaa moja. Kuna solo, hilo ndilo linalolia juu na kila mtu analisikia. Kuna solo la pili linalojibizana nalo, na besi linalotembea chini. Halafu kuna rithim, ambalo kazi yake ni kurudia kitu kile kile dakika nane, tisa, bila kuchoka.

Mwimbaji akilia habari za mapenzi, mama mmoja ananyanyuka mezani kwa mwendo wa madaha, anambandika noti kwenye paji la uso. Mpiga solo naye hupata yake. Rithim je? Tangu nianze nimetuzwa mara moja tu, na yule bwana nahisi alikuwa anatafuta msalani.

Sasa mwezi uliopita mshikaji wangu akaniletea dili. Kuna msanii kijana anataka mtu wa kusimama na gitaa nyuma yake huku muziki wote unatoka kwenye kompyuta. Plei-beki. Yaani hata waya usipochomeka hakuna atakayeshtuka. Mshiko wake wa usiku mmoja unazidi ninachopata kwa wiki tatu, maana sisi tunagawana kiingilio cha mlangoni, na tuko 14. Mvua ikinyesha, tunagawana mvua.

Wakubwa zetu hawakuishi hivi. NUTA Jazz, ambayo leo inaitwa Msondo Ngoma, ilianza 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na wanamuziki wake walikuwa waajiriwa wa mshahara. Mlimani Park, wana Sikinde, walianza 1978 na baadaye wakawa chini ya shirika la DDC. Mzee wetu Muhidin Gurumo, aliyefariki 2014, aliziimbia zote mbili. Siku hizi ukimwambia mama mwenye nyumba kwamba wewe ni mwanamuziki wa dansi, anataka kodi ya miezi sita kwanza.

Kwa hiyo mama yangu kasema nikubali. Kijiwe kizima kimesema nikubali.

Tatizo ni Jumamosi. Ikifika Jumatano, siku ya mazoezi, vidole vinaanza kuwasha. Ijumaa nanunua nyuzi za akiba, napiga pasi shati. Wimbo wa dansi, kama mnavyojua, una sehemu mbili. Mwanzo ni taratibu, mashairi yanasikilizwa, watu na vinywaji vyao. Kisha waimbaji wanapisha, tarumbeta zinaingia, magitaa yanakaza. Hilo ndilo chemko. Viti vinasukumwa, hata yule mzee wa pembeni aliyekuja na fimbo anaserebuka.

Hapo mimi huwa siangalii sura za watu. Naangalia viatu. Mokasini, raba, viatu vya kisigino, vyote vinakanyaga pale pale ninapokanyaga mimi na rithim langu. Solo anaruka atakavyo kwa sababu anajua akishuka atanikuta. Nikinyamaza hata kidogo, mtaona watu wanatazamana kama umeme umekatika. Jina langu hawalijui, lakini miguu yao inanijua.

Kwenye plei-beki miguu hiyo itafuata kompyuta, na mimi nitakuwa pambo la jukwaa.

Dili lenyewe lilikuwa la kila Jumamosi. Nimelikataa. Mshikaji ananiona chizi, mama kaninunia siku mbili, na kodi ya chumba iko palepale, haijui habari za chemko. Sijui nitaweza kukaza hivi mpaka lini. Ninachojua ni kwamba leo Jumatano vidole vinawasha.

Basi mkija kujirusha wikiendi hii, mtupieni jicho yule kijana aliyesimama nyuma, karibu na drams, asiyecheka. Na noti ikikuzidi mfukoni, ndugu yangu, paji la uso ninalo.