Uji wa Mgonjwa

Wahenga walisema kuwa mgonjwa haulizwi uji. Maana yake ni kwamba wema ulio dhahiri haungojei ruhusa. Anayestahili kupewa hupewa. Neno hili ni kweli katika kila ugonjwa, lakini saratani ya mtoto hulitia katika mtihani mkubwa. Katika maradhi haya uji si hisani ya jirani tu. Ni sehemu ya tiba. Dawa hupigana na ugonjwa, na chakula humtunza yule anayepiganiwa. Kimoja kikikosekana, cha pili hufanya kazi kwa mkono mmoja.

Mtu mzima hula ili adumu; mtoto hula ili adumu na akue. Mwili wake una madai mawili kila siku, na saratani huleta la tatu. Ugonjwa huua hamu ya kula, kisha huyayusha misuli kama moto uyayushavyo nta. Baada yake huja dawa zenyewe. Kazi yake ni kuua chembe zinazozaana upesi, wala hazichagui sana. Utando wa kinywa na wa matumbo huzaana upesi pia, nao hupata hasara isiyokusudiwa: vidonda vya ulimi, kichefuchefu, kuhara, na ladha kugeuka. Mtoto aliyekuwa akilia kwa kunyimwa maandazi hulia kwa kupewa.

Afrika Mashariki inao mfano wake mashuhuri. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland, alianza kuchungua uvimbe wa taya uliowapata watoto. Aliandika habari zake mwaka 1958, na uvimbe ule huitwa kwa jina lake mpaka leo. Huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Meno hulegea na kutafuna hushindikana. Ni ugonjwa uliokaa mlangoni mwa chakula.

Ubaya mwingine ni kuwa njaa ya mtoto huyu hujificha. Mizani, ambayo hutumainiwa sokoni na zahanati, humdanganya mpimaji. Mtoto mwenye uvimbe mkubwa wa figo hupandishwa juu yake, na mizani husema kuwa hana upungufu. Kumbe sehemu ya uzito ule ni ya uvimbe, si ya mtoto. Uso nao hudanganya. Baadhi ya dawa zitumikazo katika saratani ya damu huufanya ujae na kung'aa, na wageni husifu unene wakati misuli ya mapaja inapungua. Shahidi mkweli zaidi ni mkono. Utepe huzungushwa katikati ya bega na kiwiko, mahali ambapo uvimbe wa tumbo haufiki. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, kipimo kilicho chini ya sentimita 11.5 ni dalili ya utapiamlo mkali. Kijana aliyekaribia kubalehe yumo katika hatari ya namna yake: huu ndio wakati wake wa kurefuka, naye ana haya, hivyo huificha sahani iliyomshinda na kusema ameshiba.

Mwili uliodhoofika hauwezi kuhimili dawa kali sawasawa na mwili wenye nguvu. Maambukizo hupata njia, na daktari hulazimika kupunguza kipimo au kuahirisha tiba. Siku inayoahirishwa ni hasara kwa mtoto na faida kwa uvimbe. Wala haifai kumjaza ghafla aliyezoea njaa, maana chumvi za damu huweza kuvurugika hata moyo ukashindwa. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa msemo huo ni agizo la uganga.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wenye kusudi kwamba kufikia 2030 watoto 60 angalau katika kila 100 wenye saratani waokoke. Katika nchi tajiri wanaopona ni zaidi ya 80; katika nchi nyingi maskini hawafiki 30. Sababu za tofauti hii ni nyingi: kuchelewa kufika, uhaba wa dawa, na kuacha tiba katikati. Njaa ni mojawapo, nayo ina dawa inayoota shambani. Huko Blantyre, Malawi, madaktari wa watoto wenye uvimbe wa figo walieleza mwaka 2009 faida ya kuwalisha chakula cha karanga kabla ya upasuaji.

Lakini nani ataupika uji? Aghalabu ni mama aliyetoka mbali, ameacha shamba na watoto wengine nyumbani, na fedha yake imekwisha kwa nauli. Dawa akipewa bure na chakula akaachiwa yeye, amepewa nusu ya tiba, na sahani moja italiwa na watu wawili. Hospitali inayoorodhesha dawa haina budi kuandika chakula katika daftari hilohilo. Mgonjwa asiulizwe kama anastahili uji. Aulizwe kama kinywa kinamwuma, kama auonea raha ukiwa umepoa, na kama ataweza kijiko kimoja zaidi. Maswali hayo ni adabu ya mpaji, na huenda yakawa uhai wa mpewa.