Bahasha Isiyo na Jina

Sifa njema zote ni za Allah, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, pamoja na jamaa zake na Masahaba zake.

Ndugu msomaji, mwezi wa Juni mwaka jana tulitoka Kizota, hapa Dodoma, tukiwa peke yetu juu ya pikipiki, tukaelekea Kilwa Kisiwani kuuona Msikiti Mkuu. Ni mwendo wa zaidi ya kilomita 700 kwa kwenda tu. Kwa miaka kadhaa tumekuwa tukiwasomesha watoto wa madrasa habari za Kilwa: masultani wake, dhahabu iliyopita hapo kutoka Sofala, na msikiti wake wa mawe ya matumbawe. Kila mwaka hakosi mtoto mmoja wa kuuliza, "Ustadhi, wewe umefika huko?" Jibu letu lilikuwa hapana. Ndugu tuliyeahidiana naye kusafiri alipata udhuru siku tatu kabla ya siku ya kuondoka, nasi hatukutaka kungoja mwaka mwingine.

Mama watoto hakuridhika. Alitukumbusha hadithi ambayo sisi wenyewe tuliwahi kuisoma msikitini, iliyopokewa na Ibn Umar (r.a.), ambamo Mtume (s.a.w.) anatahadharisha juu ya mtu kusafiri usiku akiwa peke yake. Tulimjibu kisomi: hadithi imetaja usiku, nasi tutakwenda mchana, barabara ni ya lami, na njia nzima ina watu. Alinyamaza, nasi tukahesabu kunyamaza kwake kuwa ni kukubali.

Ijumaa, siku moja kabla ya safari, mweka hazina wa kamati yetu alikuwa Kondoa mazikoni. Kwa sababu hiyo mchango wa matangi ya maji ya kutawadhia ulikabidhiwa kwetu, kwa kuwa ndio makatibu: shilingi 1,240,000. Saa za benki zilikuwa zimekwisha. Tukazitia fedha hizo katika bahasha ya kaki, hatukuandika neno lolote juu yake, tukaiweka kabatini, mahali pale pale panapokaa fedha ya matumizi ya nyumbani. Tuliwaza kwamba Jumatano tutakuwa tumerudi. Baada ya hapo akili yetu yote ilihamia kwenye mnyororo, breki na mafuta.

Tuliondoka Jumamosi baada ya Alfajiri, tumesoma dua ya kupanda chombo, tumevaa makoti mawili kwa ajili ya upepo wa kipupwe. Kibaigwa malori ya mahindi yalikwisha kupanga foleni. Gairo vidole vilikufa ganzi juu ya usukani. Dumila tulivua koti moja, na Morogoro tukavua la pili. Hapo tulisali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kufupisha, kama ilivyo ruhusa ya msafiri. Usiku tulilala Mbagala kwa ndugu tuliyesoma naye chuoni.

Jumapili tulishika njia ya kusini: Mkuranga, Kibiti, Ikwiriri. Tulikuwa tumeipita Ikwiriri, hatujafika kwenye Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003 juu ya Mto Rufiji, lilipotokea mbele yetu lori lililokuwa likilipita lori jingine, limeuchukua upande wetu wote wa barabara. Hatukuwa na la kufanya ila kuiacha lami. Pikipiki iliangukia mchangani, nasi tukaangukia kiwiko. Vijana wawili wa bodaboda walikuja mbio, wakatuinua, wakaunyoosha usukani, wakatupa maji ya kuosha jeraha, wakakataa katakata kupokea malipo.

Tulikaa chini ya mwembe kwa muda. Jambo la kwanza lililotujia akilini lilikuwa ile bahasha. Lau roho yetu ingetoka pale mchangani, fedha ya msikiti ingehesabiwa kuwa mirathi. Mjane angechukua thumuni yake, watoto na warithi wengine wangepewa mafungu yao, kila kitu kwa kanuni ya sharia. Wanakamati wangekuja kudai, naye angeapa kwamba hajui habari hiyo, na pande zote mbili zingekuwa zinasema kweli.

Tukampigia simu palepale. Tulipomweleza kuwa bahasha ya kaki ni mali ya msikiti, alinyamaza, safari hii kwa muda mrefu zaidi.

"Jana nimetoa humo elfu themanini na tano," alisema. "Mtoto alipandwa na homa usiku, nikampeleka kwa daktari. Zilizobaki nikanunulia unga." Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Baba watoto, umenilisha mali ya msikiti bila kuniambia."

Yeye hakuwa na kosa. Alitoa fedha mahali anapozitoa siku zote. Kosa lilikuwa letu, na hatuwezi kudai kwamba hatukujua hukumu yake. Chuoni tulisoma kwamba mwenye kuichanganya amana na mali yake hata visitambulikane, ameingia katika dhamana. Kinachopotea ni juu yake. Tuliuandika mtihani wa somo hilo tukafaulu.

Tulifika Kilwa Masoko jioni, na Jumatatu asubuhi, baada ya kulipa kiingilio, tukavushwa kwa mashua hadi kisiwani. Msikiti Mkuu tuliukuta kama unavyosimuliwa, na zaidi. Sehemu ya kaskazini ndiyo kongwe. Sehemu ya kusini, yenye nguzo nyingi na makuba, iliongezwa baadaye, ikaporomoka, na ikajengwa upya katika karne ya 15. Mihrabu yake inaelekea kaskazini moja kwa moja, kwa sababu Kilwa na Makka zimekaa karibu katika mstari mmoja. Tulisimama mbele ya mihrabu hiyo na bandeji ya kiwiko, na furaha tuliyoitarajia haikuja kama tulivyoitarajia.

Badala yake tulikumbuka habari mbili ambazo tumezisomesha mara nyingi bila kuzizingatia. Ya kwanza ni ya Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331. Alimsifu Sultani al-Hasan bin Sulaiman kwa ukarimu wake, na katika kumsifu akataja kwamba sultani huyo aliitenga khumsi ya ngawira, na fungu la jamaa za Mtume akaliweka katika hazina ya peke yake, ili masharifu wakija wapewe kilicho chao. Sultani aliyekuwa na dhahabu ya Sofala hakuiamini kumbukumbu yake, alitenga hazina. Sisi tulikuwa na kabati moja na bahasha moja, nasi tulishindwa kutenga.

Ya pili ni ya sarafu. Masultani wa Kilwa walifua sarafu za shaba zenye majina yao. Mwaka 1944 sarafu chache za Kilwa ziliokotwa katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na hata huko mbali, baada ya karne nyingi, maandishi yake yaliwezesha kutambulikana zilikotoka. Bahasha yetu ilikuwa mita chache kutoka kitandani kwetu, na aliyelala chumba kimoja nayo hakuijua ni ya nani.

Tulirudi Jumatano kama tulivyopanga. Tuliijaza fedha iliyopungua kabla ya kulala, na Alhamisi tukaipeleka benki pamoja na mweka hazina. Tungeweza kuishia hapo, kwa kuwa hesabu ilikuwa imetimia na hakuna aliyejua. Mama watoto ndiye aliyekataa. Alisema kwamba jina lake limo katika jambo hili, naye hataki lisemwe siku moja bila yeye kuwapo kulijibu. Kwa hiyo tulilieleza mbele ya kamati kama lilivyotokea. Mwenyekiti wetu, mzee wa miaka sabini na kitu, hakutulaumu wala hakutusifu. Aliuliza swali moja tu: "Mangapi mengine unayajua peke yako?" Tulipoanza kuyahesabu, tulifika saba.

Ndugu msomaji, katika Surat al-Baqara, aya ya 282, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote ndani ya Qur'ani, Mwenyezi Mungu anatuamrisha kuyaandika madeni, na mwandishi anayetajwa humo ndiye *katib*, neno tulilolichukua Waswahili kumwita katibu. Na Ibn Umar (r.a.), yule yule aliyetupokelea hadithi ya msafiri wa peke yake, ndiye aliyepokea pia kwamba haimfalii Mwislamu mwenye kitu cha kuusia kulala nyusiku mbili bila wasia wake kuwa umeandikwa. Sisi tulilala nyusiku mbili, Ijumaa na Jumamosi, na ya tatu tungeilala kaburini.

Hatusemi watu wasisafiri, wala hatujaiuza pikipiki. Tunasema kwamba mtu hatoki nyumbani peke yake kama anavyodhani. Hutoka na haki za watu, na zile zisizoandikwa huanguka pamoja naye. Karatasi moja yatosha: ninachodaiwa, ninachodai, na kisichokuwa changu. Mwenzako wa nyumbani ajue ilipo.

Siku hizi tukichukua kofia ya pikipiki, hata kama ni safari ya kwenda Kibaigwa na kurudi, mama watoto haulizi tunakwenda wapi. Huuliza, "Umeandika?" Nasi hatutoki mpaka tumjibu.

Wabillahi tawfiq.