Pima Ampea Kabla Mayai Hayajapoa

Mwezi Julai hapa Njombe baridi ya usiku inauma, na simu za wenye mashine za kutotolesha vifaranga huongezeka. "Bwana mifugo, usiku joto limeshuka, asubuhi limerudi lenyewe." Wengi hulaumu umeme. Mimi siku hizi huuliza kwanza: mashine inavuta ampea ngapi?

Mama mmoja wa kata yangu ana mashine ya mayai 500 yenye hita mbili, kila moja wati 500. Gawanya wati kwa volti 230: hita moja inavuta ampea 2.2 hivi, mbili 4.3. Feni inaongeza kidogo tu. Mayai yakiwa siku ya 16 aliona taa ya hita haizimiki kama zamani. Kipimajoto kilisoma 37.5 vilevile, jirani akamwambia aache wasiwasi. Hakuacha. Fundi umeme alipobana waya kwa klampu mita alikuta 2.2. Hita moja ilikuwa imekatika ndani, na kwa nje ilionekana nzima kabisa.

Kipimajoto hakikumdanganya, ila kingechelewa kumwambia. Hita iliyobaki ilikuwa inawaka muda mrefu zaidi kufidia mwenzake. Mchana iliweza, usiku wa manane ingezidiwa, vifaranga vichelewe kutoka au vifie ndani ya yai. Hata LUKU isingeonyesha kitu, maana joto ni lilelile na uniti ni zilezile. Hita mpya ilifungwa jioni ile.

Mashine ikiwa mpya, pima hita zikiwa zinawaka, kisha andika namba hiyo mlangoni kwa maka peni. Rudia kabla ya kupanga mayai, halafu kila wiki. Klampu ibane waya mmoja tu. Ukibana zote mbili pamoja utasoma sifuri hata kama hita ni nzima. Pima na volti pia. Umeme ukishuka hadi 200, hita zote mbili nzima zitasoma 3.8 hivi, na hapo usimsumbue fundi kubadilisha kitu. Ikishuka nusu, mwite. Kufungua boksi la umeme ni kazi yake, si yako.

Kwenye kikundi mita moja inatosha kuzunguka kwa wote. Mwenye mashine ya hita moja, kwako hakuna nusu: ikikatika imekatika. Nunua hita ya akiba kabla ya kuingiza mayai.