Joto Ndani ya Gari, na Shahidi Asiyesikizwa

Aghlabu yetu tukipatwa na dhara hukimbilia dawa kabla ya kuijua sababu. Mwenye kuumwa na kichwa humeza kidonge, mwenye gari hununua chombo kipya, na maradhi hubaki pale pale. Nataka kueleza jambo lililotokea kwa jamaa zangu, huenda likawafaa wenye magari na wasio nayo.

Mjomba wangu, akaaye Balangdalalu katika wilaya ya Hanang, ana gari la zamani aina ya Datsun 240Z. Gari hili lilianza kuundwa Japani mwaka 1969. Lina viti viwili tu na injini ya silinda sita, na ndilo lililoshinda mbio za Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1971, na tena mwaka 1973. Mjomba hulipenda mno. Lakini mkaza mjomba alikuwa amekataa kulipanda, kwani kila walipokwenda Katesh alishuka mguu umemwungua na kichwa chamgonga. Fundi mmoja alisema ni joto la jua tu, wafungue madirisha. Wakafungua, na kichwa kikazidi. Mjomba akadhani mkewe analichukia gari, na maneno yakaanza kuingia nyumbani.

Nilipokwenda kuwazuru katika kiangazi cha mwaka 2022, nilimwomba mjomba ruhusa tulichunguze gari kwa utaratibu, jambo moja moja. Kwanza nikamwuliza aliyeumia.

“Ni mguu upi, mama?”

“Wa kushoto, mwanangu. Na kichwa huniuma zaidi madirisha yakiwa wazi.”

Maneno hayo mawili ndiyo yaliyotuongoza.

Mshale wa kupimia joto la maji ulikaa mahali pake. Basi injini haikuwa na kasoro ya kuchemka, bali joto lake lilipata njia ya kuingia kwa abiria. Tukafunga bomba la hita, tukaiacha injini ipate moto, kisha nikagusa kwa uangalifu mipira miwili ya maji, ule uendao kwenye hita na ule urudio. Yote miwili ilikuwa ya moto sawasawa, ishara ya kwamba bomba halifungi barabara. Usiku mjomba akamulika tochi chini ya boneti, nami nikakaa ndani gizani. Mwanga ukapenya katika matundu ya nyaya yaliyokwisha raba zake, upande wa kushoto, na huko ndiko yanakotokea mabomba ya moshi ya injini hiyo. Mguu wa mkaza mjomba ukapata haki yake.

Ama kichwa, shahidi wake alikuwa vumbi la njia. Tulipofungua mlango wa nyuma tuliona mistari ya vumbi iliyopenya kando ya raba iliyokauka. Nikaweka ukanda wa karatasi, nikafunga mlango, nikauvuta. Ukatoka bila kushikwa. Penye kupita vumbi, moshi nao hupita. Gari liendapo kasi, moshi huzunguka nyuma yake. Madirisha yakiwa wazi, hewa ya ndani hufyonzwa nje, na moshi huvutwa ndani kwa ufa ule. Katika moshi huo mna kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo huanza kwa maumivu ya kichwa na kichefuchefu, na ikizidi huua. Kumbe dawa ya yule fundi ilikuwa ikiongeza sumu!

Mjomba hakuliendesha tena hata raba mpya zilipowasili kutoka Arusha. Tukabadilisha bomba la hita, tukaziba matundu yote, tukatia raba ya mlango na kuijaribu kwa karatasi pande zote. Kisha mkaza mjomba akakubali kwenda Katesh, akashuka kichwa chepesi. Mjomba akamwambia mbele yangu, “Mke wangu, gari lilikuwa likisema kwa ulimi wako, nami sikusikia.”

Basi enyi vijana, mtu akilalamika kichwa ndani ya gari, simamisheni, mtoeni kwenye hewa safi, kisha tafuteni ufa. Wala msimhesabu kuwa mkorofi yule anayeumia. Pengine yeye peke yake ndiye aliyekaa mahali pa kuijua kweli.